Yule Aliyesema Udongo Unatembea

Yaya anapopiga simu kutoka Shabunda, mama hunikazia macho mapema ili nisiulize chochote juu ya mashimo. Niulize juu ya chakula, juu ya malaria, kama lile blanketi bado lipo. Mashimo hapana. Nami namtii kwa mdomo tu, maana moyoni sina swali lingine.

Kwetu Bukavu mkubwa wako unamwita yaya, awe wa kike au wa kiume. Huyu wangu ni wa kiume, kifungua mimba wa mama, na ana shahada ya jiolojia kutoka chuo kikuu hapa hapa mjini. Anachimba dhahabu kwa sururu ndani ya shimo la mtu mwingine, pamoja na vijana ambao wengi wao waliacha shule wakijua kuandika majina yao tu. Mimi nafundisha shule ya msingi Bagira. Wazazi wakiniuliza, madame, kweli shule inasaidia ao ni bahati tu, nawapa jibu la mwalimu, nawaambia shule ndiyo msingi. Halafu narudi nyumbani nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Zamani tulikaa juu mtaani Nguba, pale barabara ya magari inapoishia na ngazi za udongo zinapoanza. Chini yetu kulikuwa na nyumba za matajiri, na chini yao ziwa. Baba alikuwa mwalimu. Alikufa tungali wadogo, akatuachia nyumba ya matofali ya vyumba vitatu na imani kwamba mtoto aliyesoma halali njaa. Imani hiyo haikutulipia karo. Aliyetulipia ni tonton, mdogo wake baba.

Tonton aliacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza, akaenda Shabunda kubeba mizigo ya wafanyabiashara mgongoni, na huko akaangukia dhahabu. Sisemi aliitafuta. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba aliketi kupumzika, akakwaruza udongo kwa kisigino, akaiona. Labda alitia chumvi. Lakini mali ilikuwa ya kweli, na alitupenda, hilo sitalificha hata leo. Alimsomesha yaya tangu sekondari hadi mwisho wa chuo kikuu na hakumsimanga hata siku moja.

Siku yaya alipotetea kazi yake ya mwisho chuoni, tonton alikuja na makopo ya poda. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka kwenye kope, kisha anatembezwa mtaani hivyo hivyo ili majirani waone. Tonton alimmwagia kwa mikono yake, akashika glasi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi isiyokosekana kwenye sherehe zetu, akasema mbele ya watu wote:

"Grand yangu alikufa na chaki ku vidole, hakuacha hata étage moja. Mimi sikusoma, Mungu alinipatia. Sasa huyu mutoto iko na byote mbili, masomo yake na bahati yangu. Nani atatuweza?"

Watu wakapiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikauma, maana niliamini kabisa kwamba shida za nyumba yetu zilikuwa zimeisha siku ile.

Baada ya hapo yaya alizunguka mji na bahasha yake ya kaki mpaka soli za viatu zikaisha. Kila ofisi ilimwambia asubiri. Tonton alipoona hivyo akatangaza kwamba atajenga nyumba ya étage, yaani ya ghorofa, kwenye kiwanja kilicho juu kidogo ya kwetu, ili akirudi kutoka Shabunda awe na mahali pake pa kulala na mjane wa kaka yake awe karibu. Yaya ndiye angesimamia kazi. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mwanawe, na ilikuwa ndani ya ukoo.

Kwa siku kadhaa yaya alipanda na kushuka ule mteremko, mikono nyuma, akitazama chini kama mtu aliyeangusha funguo. Aligusa mizizi ya miti. Alichimba kidogo hapa na pale. Jumapili tulipokuwa mezani na tonton, sahani zimejaa sombe ya majani ya muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akasema bila kuzunguka:

"Tonton, pale usijenge. Ile udongo inatembea."

Tonton akacheka. "Inaenda wapi?"

"Inashuka, polepole. Ukiikata ili uweke nyumba, na maji haina njia, itashuka yote mara moja. Nyumba yako itaanguka juu ya yetu."

Mama alifanya ishara ya msalaba. Tonton aliweka uma chini.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalianzia kwenye meza ile. Kwetu ubaya ambao haujafika hausemwi. Daktari akiusema, sawa, ni kazi yake, ingawa naye hapendwi. Lakini mtu wa nyumbani akikuambia nyumba yako itaanguka, watu hawaoni kwamba anakuonya. Wanaona kwamba anauita ubaya huo uje. Yaya alilijua hilo tangu utotoni kama sisi sote. Kosa lake ni kudhani kwamba poda ile ilikuwa imemtoa katika hesabu ya watu wa nyumbani na kumweka upande wa madaktari.

"Unanitakia mubaya?" tonton aliuliza.

"Hapana, tonton. Minasema bile nilisoma."

"Nilikusomesha ili unijengee. Haiko ili unilaani."

Alipoondoka mama alimwambia yaya, bila hasira, atafute namna nyingine ya kusema, ao anyamaze. Yaya akamjibu kwamba hakuna namna nyingine, mlima hauna adabu. Nilicheka. Mama hakucheka.

Tonton alijenga. Alileta msimamizi mwingine, mtu wa maneno matamu aliyesema ndiyo kwa kila kitu. Wakakata mlima, wakajaza udongo kwenye mifuko, wakaipanga mifuko kama ukuta juu ya vichwa vyetu. Nyumba ikapanda. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema vingine. Madirisha yake yalishika jua la ziwa kila asubuhi, na watu wa chini waliinyooshea vidole.

Kwetu mlango wa jikoni ulianza kukwaruza sakafu. Mparachichi wa nyuma ya nyumba ukainama upande ambao haukuwa ukiinama. Ukutani, chumbani kwa mama, ufa ulitokea mwembamba, na mama akatundika kalenda ya parokia juu yake. Yaya aliyatazama hayo yote na hakusema kwa mtu, ila kwangu. Jioni moja alinipeleka kwenye chemchemi ndogo chini ya ua, tulikokuwa tukichota maji ya kufulia, akaniambia:

"Sasa iko safi. Siku itaanza kuya na udongo ndani, rangi ya chai ya maziwa, usiulize mutu. Toka."

Niliogopa, na nilimchukia kidogo kwa kunitia hofu ile, kwa sababu tangu siku hiyo kila nilipokwenda kufua nilikuwa natazama maji kabla ya kutumbukiza ndoo.

Masika yalikuja kwa nguvu. Ilinyesha siku nyingi mfululizo, na mchana mmoja nikakuta maji yana rangi ile. Nilimwita yaya kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Hakuuliza kitu. Alimfunika mama kwa kitenge, akampeleka ng'ambo ya bonde kwa rafiki zake wa kanisa, mama akilalamika njia nzima kwamba maharagwe yako motoni. Kisha akageuka, akapanda kwenye nyumba ya tonton, mimi nyuma yake na mwavuli.

Pale juu kulikuwa na sentinelle, mzee kutoka Walungu aliyelinda saruji na mabati. Kwa vile alikesha usiku, mchana alilala chini ya turubai, mgongo umeegemea ukuta ule wa mifuko. Yaya alimwamsha.

"Papa, toka hapa leo. Ulale kwingine."

Mzee alitutazama kwa upole, akatukaribisha mahindi ya kuchoma. "Patron njo alinieka hapa," akasema. "Akipiga simu nitoke, nitatoka." Yaya alimsihi, akamvuta mkono. Mzee akautoa mkono wake taratibu na kujifunika tena. Tonton alikuwa Shabunda, na simu yake haikushika.

Mlima uliteremka kabla ya jioni. Sisi tulikuwa tayari ng'ambo ya bonde. Nilisikia kama lori linamwaga kokoto, halafu mizizi ikikatika. Nyumba ya étage ilikaa upande, ikapita chumbani kwa mama, ikasimama sebuleni kwetu. Yaya alikimbia kurudi kabla vumbi la matofali halijatulia katika mvua. Alichimba kwa mikono pamoja na majirani mpaka akawa mwekundu kuanzia nywele hadi miguu. Mzee tulimpata siku iliyofuata. Alikuwa bado amejifunika.

Tonton aliposhuka kutoka Shabunda, ukoo uliitwa kikao. Nilitegemea apige kelele. Angepiga kelele ningemsamehe. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetoka msibani, na kweli alikuwa ametoka msibani.

"Siku gani ulitoa mama yako mu nyumba?"

"Siku ile ile," yaya akajibu.

"Ulijua je kama njo siku yenyewe?"

"Maji ilibadilika."

"Na muzee yangu, juu ya nini hukumuambia?"

"Nilimuambia."

"Nani alisikia?"

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa pale, nilishika mwavuli."

Shangazi mmoja alinitazama kwa huruma, akasema kwa kawaida dada husikia kila kitu ambacho kaka yake anataka kisikiwe. Mwingine aliyesikia alikuwa ameshazikwa Walungu.

Neno mchawi halikutajwa. Hakukuwa na haja. Tonton alisema tu kwamba tangu siku ya chakula kile shimo lake Shabunda limejaa maji, na kwamba kuna watu wanaoweza kumfungia mtu bahati kwa mdomo. Akamalizia kwamba mtoto sasa aende akatafute bahati yake mwenyewe, maana ya wengine ameimaliza. Akalia. Nilimwona analia na sikuweza kumchukia vizuri, jambo linaloniuma mpaka leo.

Tulihamia Bagira, chumba na sebule, tukapanga. Lakini Bukavu ni ndogo kwa habari ya aina hiyo. Yaya akipita mtaani, mama mmoja jirani alikuwa akitundika kitenge kwenye ukuta wake wenye ufa mpaka apite, ili asiutazame. Mwanzoni tulifanya mzaha, yaya akasema atajifunza kutembea akiangalia ndege. Kisha watu walioanza kumwita kwa vibarua vya ujenzi wakaacha kumwita. Siku moja alikunja nguo zake, akachukua blanketi, akapanda pikipiki kuelekea Shabunda. Shahada aliiacha chini ya godoro la mama.

Huko hupanda kilima ili apate mtandao, na simu ni moja kwa timu nzima, kwa hiyo nyuma yake husikika daima wenzake wanaosubiri zamu. Jumapili iliyopita alipiga. Mama aliweka sauti kubwa ili tusikie sote wawili. Akasema wamesali, wamekula, mafua yamepona. Akasema wamepata punje kidogo. Kisha akacheka.

"Hata chai iko humu ndani ya shimo, maman. Maji inatoka rangi ya chai ya maziwa. Tunasema tuongeze sukari tu."

Mama alicheka naye. Mimi sikucheka. Mama aliniona uso, akanibana kifundo cha mkono, akatikisa kichwa: usimsemee mabaya. Nampenda mama, lakini saa ile nilitaka kumpokonya simu, na nikampokonya. Nilizima ile sauti kubwa, nikaiweka sikioni.

"Yaya, ulinifundisha nini juu ya maji?"

Nyuma yake mtu alikuwa akiimba.

"Najua," akasema polepole.

"Basi toka."

"Nikitoka mimi peke yangu, na ianguke juu yabo, nitasema nini? Batauliza ulijua je."

"Baambie nabo batoke."

"Nilishasemaka mara moja," akasema. "Uliona."

Kisha akainua sauti, kwa ajili ya wale waliokuwa karibu naye, sauti ya uchangamfu ambayo hata mama aliisikia kutoka pale alipokaa. "Ambia maman hapa iko salama. Kesho tunaingia mapema." Simu ikakatika.

"Umesikia?" mama akasema. "Iko salama." Akaenda kuweka maji ya bugali motoni. Nimempigia yaya kila siku tangu Jumapili, asubuhi kabla ya darasa na jioni baada yake, na simu haishiki.