Ndege wa Penseli

Kitambaa kile kilikuwa cha kitani halisi, kizito, cha baridi mkononi, kisichopenda kukunjwa kwa sababu mikunjo yake haitoki ila kwa pasi ya moto mkali. Lukresia alipewa na sista mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Mwaka sabini na tisa mdogo wake, Mektilda, alipokuja Bariadi kumtembelea kutoka Mwamanyili alikoolewa, walikitandaza mezani wakagawana kazi: Lukresia adarizi maua ya pembeni, Mektilda ndege wa katikati. Mektilda akachora ndege sita kwa penseli, shingo zimerefuka kupita kiasi.

"Hawa ndege au twiga?" Lukresia akamuuliza.

"Dada, shona maua yako."

Maua yakaisha, na uzi wa bluu ukaisha nao. Madukani hapakuwa na uzi. Hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni.

"Uzi ukipatikana nitarudi," Mektilda alisema.

Mwaka themanini na moja alifariki akijifungua. Hakuacha picha wala barua, maana kuandika alikuwa mvivu. Mkono wake ulibaki kwenye kitani tu. Ndiyo maana Lukresia hakukifua miaka yote hiyo, kikageuka rangi ya samli sandukuni.

Mwaka themanini na nane maduka yalikuwa yamejaa tena. Limbu, mwenye duka pale sokoni, alimwaga nyuzi juu ya meza yake.

"Chagua, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Siku hizi zipo hata rangi ambazo Mungu hajaziumba."

Lukresia akaushika ule wa bluu, akalipa.

Binti yake, Scola, alikuwa ameposwa, na Jumamosi wazee wa mchumba wangekuja kutoka Zagayu kuzungumza habari za ng'ombe.

"Mayu, tutatandika nini mezani? Hicho chako kinanuka sanduku. Kifuliwe, au nitandike cha nailoni. Chenyewe hakitaki hata pasi."

"Nitakimaliza kwanza."

Akikifua hivihivi, penseli ingetoka yote. Akishona, angalau uzi ungeufuata mkono wa mdogo wake. Basi kila alasiri aliketi mlangoni akishona, akipinda palepale mstari ulipopinda, bila kuzifupisha zile shingo. Lakini kila ndege aliyekamilika alikuwa wa Lukresia: mishono iliyokazwa, nadhifu, kama walivyofundishwa na masista. Penseli ilizama chini ya uzi isionekane tena.

Ijumaa akabakiwa na ndege mmoja. Alikaa naye mpaka kuku wakaingia bandani. Pale kwenye mdomo penseli ilikuwa imekolea. Pengine Mektilda alisita hapo, au alikuwa akicheka.

Scola akaja na beseni. "Tayari? Nikifue?"

"Tandika nailoni, mwanangu."

"Wiki nzima umejichosha, halafu nailoni? Kamebaki kandege kamoja tu!"

"Hako kaache."

Jumamosi wazee waliizunguka meza yenye nailoni, wakabishana, wakapatana, wakaletewa chakula. Wakiwa katikati ya vicheko, Lukresia alinyanyuka kimya, akaingia chumbani, akafunua sanduku. Ndege alikuwepo. Ila alionekana amefifia kidogo kuliko jana, na Lukresia hakujua kama ni giza la chumba au ni vidole vyake mwenyewe vilivyomgusagusa.