Alama za Kongo

Kila asubuhi Monica huwapigia simu madereva wa malori kuwauliza wamefika wapi, na huanza na namba ya mumewe, Leonardi, naye dereva. Haipatikani tangu mwaka juzi, alipokwenda Kongo kupakia shaba. Akishaisikiliza hadi ikatike, ndipo huendelea na wengine.

Siku moja Lusungu, mtafiti kutoka chuo kikuu, alifika Temeke, kwenye kampuni ya malori anakofanya kazi Monica. Alimwomba azipe nchi alama za usafirishaji wa mizigo, kuanzia moja, mbaya kabisa, hadi tano, nzuri kabisa. Asipokuwa na uhakika, ataje kati ya ngapi na ngapi.

"Afadhali," Monica alicheka. "Mie uhakika nausikiaga kwa majirani tu."

Tanzania akaipa tatu, Zambia kati ya tatu na nne. Ikabaki Kongo. Akiipa moja, atakuwa amemzika Leonardi kwa mdomo wake. Akiipa tano, atakuwa ameisifu njia iliyommeza.

"Shangazi," Lusungu aliuliza taratibu, "Kongo unaipa ngapi?"

Monica aliitazama simu yake.

"Andika kati ya moja na tano, mwanangu. Sijui."