Siku Baba Aliponiamkia

Nikiwa kidato cha pili hapa Dodoma, nilipewa nafasi ya bibi kizee katika mchezo wa shule, bibi ambaye mwanawe ameuza ng'ombe wake ili anunue televisheni. Siku ya onyesho niliingia bwaloni kwa mlango wa nyuma, nimejifunga kaniki, mgongo nimeupinda, nikapita katikati ya wazazi. Mwanamume mmoja akanyanyuka haraka kunipisha kiti.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

Alikuwa baba yangu mzazi, na hakunitambua!

Hata hivyo, sauti ya bibi haikuniponyoka.

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wangu hujamwona?"

Wenzangu waliomjua baba waliangua kicheko. Baba alinikodolea macho, kisha akacheka kuliko wote. Kesho yake asubuhi nilimwahi mwalimu wetu wa maigizo getini, nikamuuliza mchezo mwingine tunaanza lini.