Mwanaheri na Kesi ya Kuku

Mwaka 1973 Mwanaheri alikuwa mtu wa kwanza kutoka mtaa wao wa Temeke kuingia Chuo Kikuu cha Mlimani, na aliingia kusoma sheria. Baba yake, Mzee Mwishehe, kuli wa bandarini, alikuwa na swali moja tu kila mara binti yake aliporudi likizo: "Miwani bado?" Kwake yeye, msomi asiye na miwani alikuwa kama shehe asiye na kanzu.

Likizo ya mwaka wa pili Mwanaheri alikuta kesi inamngoja. Baba yake na jirani yao Polikarpo, mchonga vinyago, walikuwa wanagombea kuku jike mwekundu. Kila mmoja alisema kuku ni wake, mayai anakula mwenzake. Balozi wa nyumba kumi alishanyoosha mikono. Mikeka ikatandikwa uani, kuku akafungwa kamba mguuni, majirani wakajaa.

"Haya mwanangu, sheria inasemaje?" baba aliuliza, sauti ikafika barabarani.

Mwanaheri alikohoa kidogo. "Inategemea, baba."

Polikarpo alicheka akishika mbavu. "Miaka miwili anakula wali wa serikali, kaambulia 'inategemea'! Hata mie ningejibu hivyo!"

Mwanaheri alimwona baba yake akiinamisha uso, akaumia. Chuoni mwalimu alimsifu kwa neno hilohilo. Hapa lilimvua baba yake nguo mbele za watu.

"Kuku analala wapi?" aliuliza.

"Kwake!" wazee wawili walijibu pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

"Basi mfungueni, tumfuate."

Kuku alipita mlango wa Mwishehe, akapita wa Polikarpo, akaingia jikoni kwa Bi Mwamvita, mjane wa nyumba ya tatu, akajilaza ndani ya pakacha juu ya mayai manne.

"Nyie!" Bi Mwamvita alishika kidevu. "Tangu Ramadhani nayaokota, nikajua ni riziki tu ya Mungu!"

Watu walicheka mpaka machozi. Mwenye kuku hakujulikana. Wakakubaliana abaki pale pale, na vifaranga zigawane nyumba zote tatu.

Asubuhi yake Mwanaheri alifungua kitabu, maana mtihani ulikuwa karibu. Akasikia baba anapanga viti nje. Watu watano walishafika, wa mbele Bi Mwanakombo, aliyetaka talaka kwa kuwa mumewe anakoroma.

"Baba, mie bado sijafaulu," Mwanaheri alinong'ona.

"Hujafaulu?" Mzee Mwishehe alishangaa kweli. "Sasa hawa wote wamefuata nini?"