Nyanya Tano Kwenye Foronya

Niliitwa mwizi mbele ya watu arobaini, saa moja asubuhi, getini, na aliyeliandika neno hilo alijua si kweli. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye kituo kile cha mbegu miaka kumi na tisa. Barua ilisomwa kwa sauti na mlinzi kwa sababu mimi sikujua kusoma, na hakuna aliyefikiria kunivuta kando.

Kazi yangu ilikuwa nyanya. Ndani ya mabanda ya nailoni, ambako jasho hutangulia kabla hujainua mkono, nilifunga miche kwenye kamba, nikabana machipukizi ya pembeni, nikachuma. Majani ya nyanya huacha utomvu unaogeuka mweusi mikononi. Sabuni haiutoi, hutolewa kwa nyanya mbichi, uipasue ujisugulie. Miaka yote hiyo nilikula kwa vidole vyenye rangi ya lami. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nilifanya naye kazi banda moja, na alizoea kuniambia, "Wifi, ukifa wewe hatukuziki, tunakupanda."

Mkuu wetu alikuwa daktari wa mbegu. Siku moja wafungaji walichanganya nyanya nyekundu na za kijani kwenye kreti moja, mzigo mzima ukaivia njiani. Akatukusanya atueleze. Tunda likikomaa, alisema, jeni zake, yaani maagizo liliyorithi kwa mama na baba yake, huliamuru litoe gesi iitwayo ethilini. Hiyo ndiyo homoni ya kuivisha. Huioni kwa macho, lakini tunda la jirani likiipata, nalo huanza kutoa yake.

"Kumbe nyanya nazo zina umbea!" Wifi akasema.

"Sana," Daktari akajibu akicheka. "Moja ikijua, kreti nzima inajua."

Maneno hayo niliyashika. Shule sina, masikio ninayo.

Mwaka uleule, mstari wa tatu wa banda la nne, mche mmoja ulikataa kufuata wenzake. Wengine walipokuwa wekundu, matunda yake yalibaki kijani, kisha yakawa ya manjano yaliyopauka, magumu kama siku ya kwanza. Nikamwita Daktari.

"Huo una kasoro," alisema bila hata kuinama. "Ng'oa, choma, usije ukatuchafulia mbegu."

"Daktari, tuuache pale konani niutazame. Majani yake hayana ugonjwa."

"Mama, nimesema ng'oa. Hapa daktari ni nani?"

Wenzangu walicheka. Niliung'oa, nikauchoma. Matunda sita nikayahesabu na Wifi, nikayatia kwenye aproni, na jioni nikapita nayo getini nimeyashika mikononi, mlinzi akiyaona.

"Mboga hiyo, Shangazi?"

"Takataka ya banda la nne."

Akafungua geti. Kanuni ilisema kitu hakitoki bila karatasi. Lakini takataka tulitoka nazo sote, na mbuzi wa mlinzi mwenyewe walinenepa kwa majani yetu.

Nyumbani nilichukua mawili kati ya yale sita, nikayatia kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na ndizi mbivu na nyanya tatu za kijani za sokoni. Siku ya nne nikafunua. Ndizi zilikuwa zimeanza kutoa maji. Nyanya za sokoni zilikuwa nyekundu hadi kwenye kikonyo. Zangu mbili zilikuwa vilevile. Umbea wote wa ndoo ile ulizipita, hazikusikia neno.

Nikazirudisha kwa wenzao dirishani, juu ya foronya. Nilikuwa na foronya mbili nilizozishona kutoka pazia kuukuu, kitambaa cheupe cha maua ya samawati, na ushono wangu unaenda kombo kwa sababu sindano ya cherehani ya kuazima ilikuwa imepinda. Kila asubuhi nilichora mstari wa mkaa ukutani. Wifi akija alizitazama na kutikisa kichwa.

"Hizi zinangoja posa?"

"Zinangoja wenye haraka waoze kwanza."

Siku ya hamsini niliipasua moja. Mbegu zake zilikuwa zimekomaa, ngumu, hazina walakini. Tunda lilikataa kuiva, lakini mbegu hazikulisubiri. Nilikaa nazo kiganjani muda mrefu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, na sijui kwa nini nililia.

Siku ya sitini na tatu nilizifunga tano zilizobaki kwenye foronya, nikaenda nazo ofisini kwa Daktari, nikazifungulia mezani pake. Akazibonyeza moja moja.

"Umezichuma lini?"

Nikamwambia. Nikamweleza habari ya ndoo. Alivua miwani, akanivutia kiti. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye ofisi ile.

"Jeni inayoamuru kuiva imevunjika," alisema, kama anayeongea peke yake. "Hata gesi ikija kutoka nje, tunda haliitiki. Lakini ukiuzalisha mche huu na wa kawaida, watoto wataiva. Wataiva polepole. Nyanya itakaa sokoni wiki kadhaa bila kuoza." Akazipiga picha palepale zilipolala, juu ya foronya. "Mbegu unazo?"

Nikampa zote, kwenye kipande cha gazeti.

"Umefanya kazi kubwa, Mama. Foronya iache, nitakurudishia."

Nilirudi bandani mwepesi kama msichana. Nilimwambia Wifi kwamba mwaka huu labda watanitoa kwenye kamba, wanipe kazi ya kutazama miche.

Siku ya tisa baada ya hapo ikaja ile barua. Nimeachishwa kazi kwa wizi wa mali ya utafiti, matunda sita, sahihi ya Daktari. Nilimtazama mlinzi.

"Si wewe uliyenifungulia geti?"

"Shangazi," akasema chini chini, "mimi nasoma tu."

Dirisha la Daktari lilikuwa wazi hatua kumi kutoka pale. Alikuwa amesimama ndani na kikombe mkononi. Sauti ya mlinzi ilimfika, kwa maana hata wapishi wa jikoni ng'ambo ya ua walitoka kutazama.

Nyumba za kufungashia mboga zote huuliza umetoka wapi na kwa nini. Kwa hiyo sasa naosha kreti sokoni, nimepiga magoti kwenye saruji yenye maji tangu alfajiri. Wachuuzi wakiniona hutaniana, "Kazeni makapu, Mama Nyanya anapita." Wifi aliacha kutembea na mimi. Alikuwa na kazi ya kulinda. Simlaumu kwa mdomo.

Binti yangu ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa barua ileile, maana ndiyo karatasi pekee niliyotaka kuielewa. Neno la kwanza nililoweza kuliandika bila msaada lilikuwa "wizi".

Mwaka wa sita nilipita duka la pembejeo. Ukutani kulikuwa na tangazo la mbegu mpya, nyanya isiyooza haraka. Kabla sijasoma herufi moja niliona maua ya samawati na ushono uliokwenda kombo. Nyanya zangu tano, kwenye foronya yangu. Chini yake nikasoma polepole, kwa kidole: mche mama uligunduliwa na Daktari, banda la nne, kwa uchunguzi wake makini.

Kesho yake nilikwenda kituoni na foronya ya pili. Nilimngoja getini hadi akatoka. Amepata mvi. Nikaitandaza mbele yake.

"Mama, hayo yamepita," alisema. "Ulitoa kitu bila karatasi. Kanuni ni kanuni."

"Na mbegu ulizipokea kwa karatasi gani? Ile ya gazeti?"

Mlinzi alikohoa, akageukia ukuta. Nyuma yake Wifi alikuwa amesimama na ndoo, hatikisiki.

Daktari aliupapasa ule ushono kwa kidole. "Unataka nini? Fidia?"

"Nataka useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba sikuiba. Kwamba uliniambia nichome, nami nikakuletea mwenyewe, mchana, mezani kwako."

"Nitaliangalia," akasema, akaingia garini.

"Alitoka nazo mkononi!" Wifi akapaza sauti, gari likiwa tayari linaondoka. "Mimi nilizihesabu naye!" Kisha akabeba ndoo yake akarudi bandani, wala hakunitazama.

Miezi minne sasa. Hajaliangalia.

Wifi amelipa lake, ingawa kwa kuchelewa. Mlinzi bado. Na Daktari bado: anadaiwa sentensi moja, isomwe kwa sauti na mlinzi yuleyule, getini, saa moja asubuhi, watu wote wakiwa kwenye mstari. Foronya akiipata airudishe.