Jiko Alilojengewa Mama Sindulfa

Mama Sindulfa aliwahi kuwapokea nyumbani kwake, katika kijiji kimoja nchini Paraguay, Wamarekani watatu wa kujitolea. Akawafundisha Kiguarani na kukamua ng'ombe. Wao wakamjengea jiko la matofali lisilotoa moshi. Jiko likashindwa kuivisha hata chipa, mikate yake midogo ya muhogo na jibini, kwa hiyo walipoondoka akawaachia kuku jiko hilo.

Miaka kumi na tisa baadaye wakaandika kwamba wanakuja wote pamoja, na wana hamu ya kuliona lile jiko. Mama akafukuza kuku, akasugua matofali, akayapaka chokaa.

Walipofika, Darlene, mmoja wao, aliangua kilio. "Mama, kumbe bado unalitumia!"

"Kila siku, mwanangu," akajibu, na haukuwa uongo.

Russell, ambaye sasa alikuwa na kitambi na mvi, akainama kuchungulia ndani. Akainuka na yai mkononi, bado lina joto la kuku.

"Mama, na hili je?"

Mama Sindulfa aliona haya, kisha akakaza uso. "Si mlisema litatulisha? Basi hivyo ndivyo linavyotulisha."

Wakatazamana. Darlene akacheka mpaka akakaa chini, na wenzake wakafuata.

Kundi lao la simu, lililokuwa la salamu za Krismasi tu, siku hizi halilali. Kila wiki wanauliza kuku wametaga mayai mangapi, na mama akichelewa kujibu, wanamgombeza.