Siku Niliyomkondesha Marehemu

Nianze kwa kukubali tu, tusizungushane: mimi ndiye yule msichana aliyemkondesha marehemu kule Kabazi, na kama umewahi kusimuliwa kisa hiki ukacheka mpaka ukashika mbavu, basi ulikuwa unanicheka mimi, Shiru wa kompyuta, na haki yako, ingawa siku yenyewe kwa nusu saa nzima hakuna aliyecheka na mimi nilikuwa karibu kutangulia kaburini kabla ya mwenyewe.

Ilikuwa 2007, nina kibanda changu cha kuchapa pale Bahati, meza moja, printa moja na skrini ya zamani yenye kisogo kirefu, ambayo asubuhi moja ilitoa moshi ikanyamaza. Nikashuka Nakuru mjini kwa Bwana Jaswant, mzee wa Kihindi anayeuza vitu vya ofisi vya mtumba, akanipa skrini bapa, pana, safi kama mpya, na wakati anaifunga kwa kamba akaniambia (nakumbuka kila neno, maana nimeyajutia yote):

"Sikia dada. Kila screen iko na resolution yake. Hii ni nukta 1440 kwa 900. Kompyuta yako ni ya zamani, haijui hiyo, lazima uweke hii CD kwanza. Usipoweka, kila kitu itakaa mnono."

Nikasema ndiyo, ndiyo, asante, huku nimeshageuka niende. Kufika Bahati nikakuta wateja wamepanga foleni, huyu na barua ya kazi, yule na mtihani wa darasa la sita, nikachomeka skrini, ikawaka, herufi kubwa kubwa za kupendeza, nikasema moyoni mzee wa watu anapenda tu maneno. Ile CD nikampa mama, akaitundika shambani kutishia ndege waliokuwa wanamaliza miche yake ya sukuma wiki.

Sasa, ukweli niliuona siku hiyo hiyo, nisijitetee. Nikichora duara linatoka yai lililolala. Nikifungua picha ya mtu, uso umepanuka utadhani ameumwa na nyuki. Badala ya kurekebisha skrini moja mara moja yakaisha, mimi nikajipatia dawa yangu: kila picha ikiingia, naibana kwa pembeni mpaka mtu akae mtu. Waliotangulia hawakulalamika (skrini ndiyo iliyopanua, karatasi haikupanua kitu, na nani analalamika akitoka mwembamba?), basi nikajiona fundi.

Ndipo akaja Mama Nyambura. Alitoka Kabazi na kitambaa cheusi kichwani, mumewe ameanguka ghafla wakati anafungua zizi, daktari akasema presha, wanazika Ijumaa. Alitaka vijitabu vya mazishi, picha mbele, historia ndani. Akanipa flash disk ya mpwa wake na karatasi mbili za mkono. Nikachapa yote, hata pale palipoandikwa "wengi walimjua kama Tangi", nikadhani labda aliwahi kuuza maji. Nikafungua picha: mzee ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, trekta lake nyuma yake. Loo, mnono! Nikambana. Bado mnono. Nikambana tena. Mimi sikuwahi kumwona huyo mtu maishani, nilikuwa namtafuta mzee wa kawaida, mzee kama baba yangu. Mama Nyambura alikuwa amesimama nyuma yangu, macho yamejaa machozi, akatazama skrini akasema, "Ni sawa tu, mami. Weka hiyo." Nikaprinti maboksi mawili.

Ijumaa nikavipeleka mwenyewe, maana alinisihi nije. Hema zimejaa, jeneza liko mbele limefungwa, maua juu. Vijana wakagawa vijitabu. Mimi nikakaa nyuma kabisa, nasubiri sifa.

Kwanza nikasikia minong'ono. Nikadhani wanasifia karatasi. Halafu akainuka mwanamume mmoja safu ya mbele, mrefu, koti la bluu. Mama aliyekaa kando yangu akaninong'oneza kwamba huyo ni Gitau, mdogo wa marehemu, anafanya kazi kwa mitambo ya stima kule Olkaria na mwaka na nusu hajakanyaga nyumbani. Gitau akainua kijitabu juu, watu wote wakione.

"Mniambie. Huyu ni Tangi? Huyu ni ndugu yangu?"

Akageukia safu za nyuma.

"Mlinipigia simu mkasema presha, ghafla. Mtu wa ghafla anakonda hivi? Huyu amekuwa akifa polepole na hakuna mtu ameniambia! Shemeji, ulikuwa unamlisha nini?"

Nikatazama kijitabu changu. Kisha nikatazama jeneza. Jamani, lile jeneza lilikuwa pana! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu walimwita Tangi.

Ungedhani majirani wangemwambia Gitau ukweli, si walimwona marehemu wiki iliyopita tu? Wachache walijaribu. Lakini karatasi ikishasema, watu nao wanaanza kukumbuka. Mmoja akasema hata yeye aliona shati limelegea. Mwingine akasema kweli, kanisani hakumaliza chai yake. Mama Nyambura alikuwa amekaa akiangalia ile picha, mdomo wazi, na niliona waziwazi kwamba hata yeye ameanza kujiuliza kama alimlisha mumewe.

"Fungueni sanduku," Gitau akasema. "Tuone wenyewe."

Hapo Mama Nyambura akasimama. "Hapana. Aliniomba. Alisema siku yake ikifika asiangaliwe akiwa amelala. Nilimwahidi, Gitau."

"Kwa nini? Unaficha nini?"

"Nilimwahidi."

Kadiri alivyokataa ndivyo alivyoonekana kuficha. Mchungaji akainua mikono, hakuna aliyemsikiliza. Vijana wawili wakasogea kwenye jeneza, mmoja akaanza kutoa maua. Na mimi, nataka mjue nilivyo, jambo la kwanza nililofanya ni kuvuta leso juu ya kichwa na kuangalia njia ya kutokea, nikiwaza kwamba nikipita nyuma ya choo nitatokea barabarani na hakuna atakayejua. Nilishafika kwenye kamba ya hema. Nikageuka mara moja tu, nikamwona yule mama amelala juu ya jeneza, amelikumbatia kwa mikono yote miwili, na mikono yenyewe haifiki upande wa pili.

Sijui nilifikaje mbele. Najua nilimkanyaga mtu. Nikachukua maiki kwa mchungaji nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe:

"Mzee hakukonda! Ni mimi nilimkondesha!"

Watu wote wakanigeukia. Nikaona nimeharibu zaidi, sasa mimi ndiye muuaji. Nikaanza kueleza skrini, mtumba, 1440, CD, ndege, sukuma, na kila neno lilikuwa linaenda kombo.

Gitau akanikaribia. "Wewe msichana, picha inakonda aje? Usituchezee. Nani amekulipa?"

Nilitazama ile picha nikitafuta hata kitu kimoja cha kuniokoa, na kikawa hapo, nyuma ya bega la mzee.

"Gurudumu," nikasema. "Tafadhali, kila mtu aangalie gurudumu la trekta."

Karatasi zikainuka hema nzima. Lile gurudumu kubwa la nyuma lilikuwa limesimama wima kama yai. Na trekta lenyewe lilikuwa limeegeshwa pale pale kando ya nyumba, kila mtu akainua macho akaliona, gurudumu la mviringo, halijakonda hata kidogo. Watu wakawa wanatazama karatasi, wanatazama trekta, wanatazama karatasi.

Cucu mmoja mbele, bibi mzee sana, akasema kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri: "Ngai! Kwani hata trekta lilinyimwa chakula?"

Nani aliyeanza kucheka sijui. Lakini kilienea hema nzima, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa, na Mama Nyambura akainua uso kutoka kwenye jeneza akicheka na kulia kwa pamoja. Yule kijana akarudisha maua. Gitau hakucheka. Alikaa kitini akafunika uso kwa kijitabu changu, akalia kama mtoto, akisema, "Ningekuja Krismasi. Nilisema nitakuja Krismasi." Shemeji yake akaenda akakaa kando yake.

Tukamzika jeneza likiwa limefungwa, kama alivyoomba.

Jumatatu nikaenda kuitoa CD shambani, nikakuta jua limeimaliza, nikarudi kwa Bwana Jaswant na uso chini. Akanipa nyingine, akasema neno moja tu: "Nilikuambia." (Maneno mawili yangenimaliza.) Mama Nyambura alikuja wiki hiyo kutaka vijitabu vipya, nikaitia CD kwenye kompyuta mbele yake, skrini ikawa nyeusi, kisha ikarudi, herufi ndogo, kali, na duara likawa duara. Nikafungua picha bila kuigusa. Mzee alijaza kiti chote, vifungo vya shati vikivutana, anacheka.

Mama Nyambura akaisogelea skrini. "Huyo sasa," akasema. "Huyo ndiye nilimlisha."

Nilitamani afadhali anitukane.

Mpaka leo Bahati wananiita Kondesha, na kuna mabibi harusi wamekuja kuniomba kazi hiyo kwa siri. Nawakatalia wote. Kila asubuhi, kabla mteja hajaingia, nachora duara kwenye skrini, nalipima kwa rula huku na huku, na likitofautiana hata kidogo sifungui mlango. Watu nawaacha walivyo.